Aliyefia Singapura

Huseni alikuwa amefika tena kwenye lile tunda la miiba, na Ziada akaona pazia linatikisika.

"Kubwa, kama fenesi changa," Huseni alisema, akichora duara hewani kwa mikono miwili. "Miiba mwili mzima. Mchina akalipasua kwa panga, harufu ikatoka, wallahi, kama choo kilichofukuliwa. Fakihi akakimbia! Nikamwambia, wewe, umekuja mpaka Singapura kukimbia tunda? Akarudi, akaziba pua, akala. Akataka na jingine."

Nyuma ya pazia mwanamke alicheka. Kicheko kikakatika ghafla, kama mtu aliyekumbuka kwamba anayemcheka ni marehemu.

Ziada hakucheka. Alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani, anashona kofia. Kushona kofia ndiyo kazi iliyomlisha tangu mumewe afariki, lakini Kilwa Kivinje nzima ilijua kazi yake ya pili. Kadhi akitaka kujua jambo lililo ndani ya nyumba ya watu, mahali ambapo mwanamume hawezi kuingia akakaa akatazama, humtuma Ziada. Hakuwa na cheo wala barua. Alikuwa na macho, na subira ya kunyamaza mpaka mtu aone haya aanze kusema mwenyewe.

Jambo la leo lilikuwa hivi. Fakihi, mume wa Mwahija, aliondoka hapa na meli ya moshi ya Mjerumani, kazi yake kuchochea moto, miezi michache kabla ya vita vya Maji Maji. Vita vikaja, vikaisha, njaa ikaja nyuma yake, na Fakihi hakuleta hata salamu. Ndipo mwezi uliopita huyu Huseni, mtu wa Mitole, akaingia mjini na kifurushi kimoja, akaulizia nyumba ya Mwahija, akasema: mumeo amekufa, nilikuwa naye. Amefia Singapura, mwaka uleule aliotoka.

Sasa eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, si tangu siku habari inapofika. Kama Huseni ni mkweli, eda ya Mwahija ilikwisha zamani naye yuko jikoni hana habari, na hata kesho angeweza kuolewa. Kama Huseni ni mwongo, Mwahija akiolewa kesho atakuwa na waume wawili. Na shahidi alikuwa mmoja tu.

"Nenda kamtazame yule mtu," kadhi alikuwa amemwambia Ziada baada ya alfajiri. "Magharibi isifike kabla sijajua. Yule mwanamke ni mjane, au ni mke wa mtu?"

Ziada alivuta uzi. "Tulikuwa kwenye tunda, ndugu Huseni. Baada ya tunda?"

"Baada ya tunda tukapanda kigari. Si cha ng'ombe, dada, cha mtu! Mtu anakukokota, anakimbia, miguu mitupu. Fakihi akaona haya. Akashuka akawa anakimbia naye sambamba, na nauli ameshatoa. Wachina wakamcheka mpaka wakakaa chini."

"Kweli ni yeye huyo," sauti ya Mwahija ilisema nyuma ya pazia, polepole. "Ni yeye kabisa. Rudia barafu."

"Nimeirudia jana, shemeji."

"Rudia."

Huseni akajifuta jasho. Jua lilikuwa limeshapanda na ukumbi ulikuwa moto, lakini shingoni alikuwa amejiviringisha shali nzito, mizunguko miwili. Ziada aliitazama shali ile, akarudisha macho kwenye sindano.

"Kulikuwa na mtu sokoni anauza maji yaliyoganda. Yamekuwa jiwe. Jeupe, ukilishika linauma kama moto. Fakihi akanunua pande moja, kiasi cha ngumi. Wenzake wanalila, yeye kalishika tu. Anatembea nalo mjini, anaangalia majumba, anaangalia mto ulivyojaa mashua, na jiwe liko mkononi linadondoka. Wakamuuliza, mbona huli? Akasema, naangalia kama litafika kwa Mwahija."

Huseni alifumba kiganja, akakifumbua.

"Halikufika hata mwisho wa ile barabara," Huseni alisema.

Ziada alimwacha akae na maneno yake, kisha akauliza kwa sauti ileile ya kuulizia bei ya vitunguu. "Adhuhuri mliswali wapi?"

"Msikitini. Msikiti mkubwa, karibu na soko. Paa lake limepandana, ghorofa juu ya ghorofa."

"Mkaelekea wapi?"

"Dada Ziada nawe!" Huseni alicheka. "Kibla ni kibla. Tulielekea kaskazini, kama hapa. Au unataka tuswali tukitazama soko?"

"Nauliza tu. Na kufa je, alikufa vipi?"

"Jioni tunarudi melini. Ubao ulikuwa na maji. Akateleza, akaanguka kati ya meli na gati. Basi."

"Basi?"

"Basi. Mungu amrehemu."

Ziada aliweka sindano. Tunda lilikuwa limepewa maneno mengi, kigari maneno mengi, jiwe la barafu maneno mengi zaidi, na kifo cha mtu kikapewa pumzi moja. Ile siku ilikuwa na nyama. Kifo kilikuwa mfupa mtupu.

Aliaga, akatokea uani. Bi Maftaha, shangazi yake Mwahija, alikuwa anapeta mtama kwenye ungo, mtama wenyewe haujai hata kibaba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekwisha ipata Singapura yako? Mimi naijua kuliko Kilwa Kisiwani. Kila siku! Asubuhi yule mtu anasimulishwa, jioni anasimulishwa. Huyu mtoto angeambiwa mumewe amekufa akalia kama watu, tungemzoea. Yeye anataka kusikia alikula nini."

"Na huyu Huseni unamwonaje?"

Bi Maftaha alitupa pumba kwa hasira. "Mwanamume amekuja na habari, habari amekwisha itoa, mbona haondoki? Kanitengenezea paa. Juzi kaleta samaki. Sasa niambie wewe, mwanamume anayepeleka samaki kwa mke wa rafiki yake aliyekufa, anataka nini? Anataka mapishi?"

"Amemposa?"

"Hajatamka. Hapo ndipo panaponitisha. Angetamka ningemfukuza."

"Shali huvua lini?"

Bi Maftaha alifikiri. "Hata anapolala, kule barazani. Anasema ana kikohozi. Sijamsikia akikohoa."

Ziada alitoka na wazo moja kichwani, wazo ambalo mtu yeyote wa mjini angelipata: Huseni anamtaka Mwahija, na maiti ya Singapura ndiyo njia yake ya kuingilia. Wazo lilikaa vizuri, likaeleza samaki na likaeleza paa. Halikueleza barafu. Mwanamume anayemtaka mwanamke, kwa nini kila siku amletee mumewe mlangoni, mzima, anacheka, na mkono unadondoka maji?

Alipitia kwa Bohora muuza nguo kununua uzi mweupe. Yule mzee alizaliwa Kachi, Bara Hindi, akaja Kivinje akiwa kijana, na sasa ndevu zake zilikuwa nyeupe kuliko bafta aliyokuwa akiuza.

"Bwana, uliwahi kufika Singapura?"

"Mimi? Hapana. Kaka yangu yuko kule, anauza nguo. Miaka ishirini."

"Kuna tunda lenye miiba?"

Mzee alikunja pua na uso mzima. "Kaka aliandika: Usije. Mji mzuri, tunda linanuka."

"Na barafu sokoni?"

"Wanauza, ndiyo. Nao watu wanavuta watu kwenye vigari."

Kwa hiyo yalikuwa kweli, yote matatu. Ziada alikuwa anahesabu vidonge vya uzi pale muadhini alipoanza. Mzee akashusha mlango nusu, akatandika mkeka pembeni, akasimama juu yake, uso kwenye upande wa bara, upande jua linapozama. Halafu akacheka peke yake, akauvuta mkeka kwa kidole cha mguu mpaka ukaelekea kaskazini.

"Miaka arubaini," alimwambia Ziada, bila haya. "Nikiwa na mawazo ya nyumbani, mwili unakosea. Kwetu Makka iko jua linapozama. Nilipofika hapa, Ijumaa ya kwanza, watu wote wanatazama kaskazini, mimi peke yangu nawatazama wakulima wa Matumbi kule bara. Mzee mmoja akanigeuza kama mtungi."

Ziada alisahau uzi. "Na Singapura?"

"Singapura iko mbele ya kwetu, mashariki zaidi. Kule nako ni jua linapozama. Itakuwaje kaskazini? Kaskazini kwao ni China!"

Ziada alitoka kibarazani akamwacha mzee aswali, na huko nje aliipanga habari yake vipande vipande kama anavyopanga mishono. Mtu anaweza kusahau jina la mtaa na bei ya tunda. Lakini mtu wa Kilwa tangu utotoni husimamishwa kaskazini, mara tano kwa siku. Akiingia msikiti wa Singapura, miguu yake itampeleka kaskazini, na safu nzima itamwona. Atageuzwa, atacheka au ataona haya, na hatasahau mpaka kufa. Huseni hakugeuzwa. Kwa hiyo Huseni hakuwahi kufika Singapura.

Ila tunda lilikuwa kweli, barafu ilikuwa kweli, na aliyekimbia sambamba na kigari alikuwa Fakihi mwenyewe, mkewe amemtambua. Kwa hiyo ile siku ilikuwapo, na Fakihi ndiye aliyemsimulia Huseni. Si mara moja. Habari haikai kichwani mwa mtu namna ile kwa kusimuliwa mara moja. Na Huseni wa Mitole, kama hakupanda meli, alisimuliwa hukuhuku, katika nchi hii.

Aliyefia Singapura hawezi kurudi kusimulia.

Ziada alirudi kwa Bi Maftaha alasiri, hatua za haraka, bila uzi.

Huseni alikuwa barazani anachonga mpini wa jembe. Ziada alimwita ndani, akamketisha palepale pa asubuhi, mbele ya pazia. Angeweza kumwuliza nje. Lakini mwenye haki ya kusikia alikuwa nyuma ya pazia.

"Ndugu Huseni, vua shali."

"Nina kikohozi, dada."

"Kohoa basi."

Huseni aliinamisha macho mkekani.

"Msikitini Singapura watu huelekea jua linapozama," Ziada alisema. "Mtu wa huku akifika kule, lazima ageuzwe. Wewe ulielekea kaskazini na hakuna aliyekugusa. Hujafika kule. Vua shali."

Mkono wa Huseni ulipanda polepole. Mzunguko wa kwanza, mzunguko wa pili. Shingo ilikuwa imezungukwa na kovu pana kama mkanda, ngozi nyeusi iliyong'aa, imekwaruzwa ikapona ikakwaruzwa tena. Bi Maftaha, aliyekuwa mlangoni na ungo wake, akasema, "Ya Rabi." Kila mtu wa pwani alijua alama ile. Ilikuwa alama ya pingu ya shingo, ya mnyororo wa boma la Mjerumani.

"Wapi?" Ziada aliuliza.

"Lindi."

"Kosa?"

"Mitole tulikutwa shambani, wakasema tumetoka vitani. Miaka miwili. Nimemaliza."

"Na Fakihi?"

Huseni alitazama pazia. Lilikuwa limetulia tuli.

"Alikuwa mbele yangu. Mnyororo mmoja, watu wanane, yeye wa tatu na mimi wa nne. Tunabeba mawe ya barabara, na yeye anasimulia. Ile siku moja, dada. Meli ilitia nanga, wakaruhusiwa kushuka kutwa nzima, wakatembea kuangalia mji. Anaanza asubuhi na lile tunda, jua likizama anamaliza. Kesho anaanza upya. Ukimwambia ruka tunda, haruki. Sisi saba wengine hatukuwahi hata kupanda ngalawa, na sote tumeiona Singapura."

"Alisema lolote juu ya kuswali?"

"Alisema mzee mmoja alimshika mabega akamzungusha, watu wakacheka, naye akasema moyoni, hata Makka huku nimeikosa, nirudi nyumbani." Huseni akatikisa kichwa. "Nilidhani ni mzaha wake. Sikuuelewa, nikauacha."

"Alifikaje Lindi?"

"Meli ilimshusha pale. Vita vimewaka, haikuendelea Kilwa. Wakamwambia ngoja. Akasema amekwisha ngoja vya kutosha, akaja kwa miguu. Siku ya tatu wakampokea katika kijiji kimoja, wakampa uji na pa kulala. Asubuhi anaaga. Sasa mtu wa pwani akikirimiwa hufanyaje? Alikuwa na chupa ya marashi, ameinunua kulekule siku ileile, ya mkewe. Akaifungua, akawarashia wenyeji wake, mikononi na kichwani, kushukuru. Basi kuna mtu akamwona kwa mbali. Hajui marashi, yule. Akaenda mbio kwa askari: hongo ameingia kijijini, ananyunyizia watu maji."

Bi Maftaha alishusha ungo. Hapakuwa na haja ya kueleza. Hongo ni yule mganga aliyegawa maji ya vita, na wengi waliotajwa kwa jina hilo walinyongwa.

"Si wangenusa chupa?" Ziada aliuliza.

"Nani angeishika? Askari waliimwaga kwa hofu, wakaitupa porini. Kesi ikasikilizwa na chupa haipo. Walipomhukumu miaka kumi na miwili ya mnyororo, yeye akaona kapona."

"Yuko hai," Ziada alisema. Alilisema kwa sauti, kwa ajili ya aliye nyuma ya pazia.

"Nilimwacha hai. Amekonda. Anakohoa, yeye kweli."

"Na wewe ukaja kumuua."

"Amenituma!" Sauti ya Huseni ilipasuka. "Nilipokaribia kufunguliwa akasema, kamwambie Mwahija nimefia Singapura. Ahesabu tangu siku ile, asipoteze hata siku moja zaidi. Ana miaka ishirini na mbili, atanisubiri mpaka awe bibi? Nami niangalie kama nyumba haivuji. Kama wanakula. Basi."

Samaki na paa vikapata maelezo yake. Ziada hakuona haja ya kumtazama Bi Maftaha.

Lilibaki swali moja. "Kumwachia mke uhuru wake kuna njia yake. Kwa nini hakukutuma talaka?"

"Nilimwambia hivyohivyo. Nikamwambia, tamka, sisi wote mashahidi, tumefungwa hapa hatuna pa kwenda." Huseni alipitisha vidole juu ya kovu. "Akafungua mdomo. Siku tatu mfululizo anafungua mdomo. Siku ya nne akasema, Huseni, siwezi. Kaseme nimekufa. Kufa nitaweza."

Pazia lilifunguka.

Ziada alikuwa amemjua Mwahija tangu udogoni, na alitegemea machozi. Mwahija alikuwa na macho makavu kabisa. Alisimama mbele ya Huseni, mwanamume asiye mahramu wake, kichwa wazi nusu, na hakuna aliyemkumbusha.

"Nani kampa ruhusa ya kufa?" aliuliza.

Huseni alikunja shali mapajani.

"Lindi kwa miguu siku ngapi?"

"Saba. Kwa mwanamke nane. Shemeji, njia ile—"

"Wafungwa huonekana?"

"Asubuhi, wakipelekwa mawe. Wanawake husimama ng'ambo ya barabara na vyakula. Askari wengine hufukuza, wengine hugeuza uso."

"Na kadhi je?" Mwahija alimgeukia Ziada. "Kadhi atamtoa?"

Ziada hakuwahi kumdanganya mtu aliyemhoji. "Boma halimsikilizi kadhi, mdogo wangu. Tutamwandikia, na mzee Bohora ataeleza habari ya kibla, ili ijulikane Fakihi alifika Singapura kweli, alikuwa mbali vita vilipoanza. Watasoma au hawatasoma."

"Utaenda kumfanya nini mtu wa mnyororo?" Bi Maftaha alidakia. "Ukasimame ng'ambo ya barabara mpaka mvi zikutoke? Kakupa njia, mtoto! Ishike!"

"Kama ni njia anipe yeye, mimi nikimtazama," Mwahija alisema. "Afungue mdomo mbele yangu. Akiweza, nitarudi nihesabu eda yangu. Asipoweza..." Alikwisha anza kukunja mkeka wa kulalia. "Shangazi, ule mtama umeupeta?"

Jua lilikuwa linagusa minazi Ziada alipoketi kwenye kizingiti cha kadhi. Kadhi alisikiliza yote bila kumkatiza. Habari ilipofika kwenye kibla alitabasamu kidogo. Ilipofika kwenye chupa, tabasamu likaondoka.

"Kwa hiyo shahidi ni mwongo."

"Mwongo, Shehe. Katumwa."

Kadhi alivuta ndevu zake muda mrefu. "Na jibu langu? Mjane, au mke wa mtu?"

"Mke wa mtu, Shehe."

"Basi kamwambie akae nyumbani kwa mumewe, atulie, mpaka tuone boma litasema nini."

"Nimechelewa, Shehe," Ziada alisema. "Nilipoondoka walikuwa wamekwisha vuka daraja, wameshika njia ya Lindi. Yeye mbele, Huseni na mzigo, na Bi Maftaha nyuma yao na ungo wake kichwani, anawatukana wote wawili."